Akiba Mbili Katika Nyumba Moja

Jumapili iliyopita Salma, mjukuu wa marehemu dada yangu, alikuja kunisalimia hapa Nkuhungu, Dodoma, akiwa na uso wa mtu aliyepokea mshahara wake wa kwanza. Amepata kazi kwenye ofisi moja kule Mtumba. Alinipa shikamoo yangu, akaweka zabibu mezani, akajitupa kwenye kochi na kusema, "Bibi, wewe umeshika hela za watu maisha yako yote. Nifundishe kupanga zangu. Nianzie wapi?"

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kuweka akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya maisha, Bibi."

"Maisha hayauzwi dukani, Salma. Kitu gani? Kwa ajili ya nani?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaitazama simu yake kana kwamba jibu lingeingia kwa ujumbe. Sikumsumbua, tukala zabibu zetu. Lakini alipoondoka nilibaki nikifikiri kwamba yapo mambo niliyoyaona kazini ambayo sijawahi kuwasimulia ninyi vijana, kwa sababu kila mkija mnaniuliza habari za riba, nami nawajibu habari za riba. Leo riba nimeiweka kando. Nitawasimulia habari za mume na mke wa Gulwe. Wote wawili wapo hai na wamenipa ruhusa, ila yule mume amesisitiza niandike kwamba wakati ule alikuwa bado kijana. Si kweli, lakini nimeandika.

Jina langu ni Mwanaidi, Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Nilifanya kazi katika chama kimoja cha kuweka na kukopa mjini Mpwapwa tangu sina mvi hata moja mpaka nilipostaafu nikiwa nazo kichwa kizima. Wanachama wetu walikuwa wakulima wa karanga na alizeti, wafugaji, walimu, mama lishe, na baadaye vijana wa bodaboda. Nilipokea akiba, nilichambua maombi ya mikopo, na nilizunguka vijijini kufundisha watu kupanga mapato yao. Walinizoea kwa jina la Mama Chama, mpaka watoto wangu nao wakawa wananiita hivyo hivyo nyumbani wakitaka hela.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Malogo, meneja wetu, Mgogo mrefu na mpole aliyekuwa akiongea kana kwamba maneno yanauzwa. Mwaka wangu wa kwanza alinipeleka kijiji kimoja nyuma ya milima ya Kiboriani nikafundishe. Nilikuwa nimejiandaa kweli kweli. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAPATO KWA MWEZI. Watu wakanitazama kwa adabu sana. Nikaendelea kugawa, hii ya chakula, hii ya ada, hii ya akiba, mpaka baba mmoja akanyoosha mkono na kuuliza, "Samahani mwalimu, mwezi upi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nawafundisha watu wa msimu hesabu za watu wa mshahara! Hela kwao huingia alizeti zikishauzwa, halafu hukatika mpaka mavuno mengine. Wakati wa kurudi Mzee Malogo alicheka hadi akasimamisha pikipiki pembeni ya njia afute machozi. Kisha akanigeukia.

"Mwanaidi, mtu akikaa mbele yako usianze kumuuliza anapata nini. Muulize anataka nini. Akishakujibu, muulize kitu hicho ni bei gani. Mapato yaje mwisho. Ukianza na mapato, asiye nacho ataona aibu na kuondoka, na mwenye nacho atakudanganya."

Nimefanya kazi kwa mpangilio huo miaka yote. Na nimegundua kwamba swali la kwanza watu hulijibu kwa shida, la mwisho hulijibu kwa uongo, lakini lile la katikati, la bei, ndilo wanaloliruka kabisa. Ndipo anapoingia Sechelela.

Alikuja ofisini asubuhi moja akiwa na ndoo ya plastiki mkononi, amefunga khanga mbili, amechoka kabla siku haijaanza. Alikuwa akiuza chai, maandazi na mayai ya kuchemsha kwa abiria na wafanyakazi wa reli pale stesheni ya Gulwe, na alikuwa akija Mpwapwa kununua mafuta na unga wa ngano. Mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Nataka kufungua akiba," alisema. "Lakini mume wangu asijue."

Neno hilo nilikuwa nimeshalisikia mara nyingi kutoka kwa kina mama, wala sikushtuka. "Akiba ya nini, dada yangu?"

"Ya macho yake."

Akanieleza. Mumewe, Chilewa, zamani alikuwa kibarua wa matengenezo ya reli. Sasa ni mkulima na ana mbuzi. Kwa muda alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe. Alikuwa akipapasa ukuta akiingia ndani mchana kweupe. "Juzi amempa shikamoo kijana wa jirani," Sechelela alisema, na hapo tukacheka wote wawili, kisha yeye akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Nikimgusia anakuja juu. Anasema ni vumbi. Utamwambiaje mwanaume wa Kigogo kwamba haoni mbuzi wake?"

"Umeuliza operesheni ni bei gani?"

"Sijauliza. Nitauliza nikishakuwa na hela. Unaingiaje dukani mikono mitupu ukaanza kuuliza bei?"

Nikamwambia hospitali si duka, kuuliza hakulipiwi. Akasema ameambiwa lazima mgonjwa mwenyewe apimwe kwanza ndipo watajua, na mgonjwa mwenyewe anasema ni vumbi. Kwa hiyo atakusanya, atakusanya sana, na siku hela ikiwa nyingi kiasi cha mtu kutoweza kukataa, atamwekea mbele. Nyingi kiasi gani? Hakujua. Nyingi.

Nilimfungulia. Tangu siku hiyo kila akija kununua unga alipita na chochote alichobakiza.

Haikupita miezi mingi akaja mwanaume mmoja siku ya mnada. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, fimbo ya kuchungia mkononi. Aliushika mlango kabla ya kuupita. Alikigusa kiti kabla ya kukikalia. Akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akiwa ameelekeza uso kwenye kabati, mimi nipo upande wa pili. Nilijua ni nani kabla hajataja jina.

"Nimeuza mbuzi," alisema. "Nataka hela hii ikae kwenu. Mke wangu asijue."

"Ya nini, kaka?"

Akashusha sauti, kama vile Sechelela yuko chumba cha pili. "Macho yangu yanakwisha. Baba yangu alimaliza hivi hivi, akakaa barazani miaka na miaka akishikwa mkono hata kwenda chooni. Kabla sijafika huko nataka nijenge chumba cha duka pale karibu na stesheni, kiandikwe jina la mama Neema. Anabeba ndoo kichwani tangu ni binti. Asije akaibeba mpaka uzeeni, na nyumbani ana kipofu wa kulisha."

"Umekwenda hospitali?"

"Kufanya nini? Nimeshamwona baba yangu."

Vijana, jambo la kwanza tuliloapa tulipoingia kwenye kazi ile ni kufunga mdomo. Siri ya mwanachama ni siri yake, hata kama mwenye haki ya kuijua analala naye kitanda kimoja. Nilimfungulia Chilewa akiba yake, nikamshika mkono mpaka mlangoni, nikarudi kukaa, na karatasi za siku ile sikuzielewa tena.

Mnaweza kufikiri hii ni hadithi ya kuchekesha, watu wawili wanawekeana mapenzi mezani kwangu bila kujua. Mwanzoni hata mimi nilitabasamu. Lakini hela inayofichwa huacha nafasi nyumbani, na nafasi ile lazima mtu ataijaza kwa mawazo yake. Mbuzi walikuwa wanapungua zizini na Sechelela alikuwa haoni hela ya mauzo yao. Jirani akamwambia kila mnada mumeo anapiga pasi shati. Naye Chilewa alikuwa haoni vizuri, lakini mdomo wake ulikuwa mzima: chakula cha nyumbani kilikuwa kimebadilika. Nyama ilikuwa imesahaulika, maziwa yameuzwa, na mboga ilikuwa mlenda jana, mlenda leo, na kesho unaijua.

Mwaka wa pili Sechelela akaja akakaa bila kusalimia.

"Mama Chama, nadhani baba Neema ana nyumba ndogo hapa Mpwapwa."

Nilitaka kusema, nilitaka sana. Nikasema, "Umemuuliza?"

"Nimuulize ili anidanganye?"

Mnada uliofuata Chilewa naye akaja. "Mke wangu anaficha hela," alisema, na hakuwa na hasira, ndicho kilichoniumiza. "Nadhani anajenga kwa kaka zake. Simlaumu. Nani anataka kubaki na kipofu?"

"Zungumza naye, kaka. Mwambie unachokiweka hapa."

"Nikimwambia la duka nitamwambia na la macho. Sitaki anihurumie."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi nikiwa katikati kama ukuta wa nyumba yao. Kila mmoja nilimwambia kwa njia yake: nendeni hospitali mkaulize, zungumzeni nyumbani. Kila mmoja aliniitikia vizuri na kuondoka. Mpaka siku Sechelela aliposema anataka kutoa akiba yote.

"Umeshapata kiasi cha macho?" nikauliza kwa matumaini.

"Macho gani? Tukishavuna karanga narudi kwa kaka zangu. Nitahitaji nauli na pa kuanzia."

Kwa taratibu zetu anayetaka kutoa akiba yote hutoa taarifa kwanza na kusubiri. Nilishukuru kwa taratibu hizo kuliko siku nyingine yoyote ya utumishi wangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Malogo.

"Mzee, kuna nyumba inavunjika. Najua kwa nini, na siruhusiwi kusema."

Hakuuliza nyumba gani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Usiseme," akasema. "Fundisha."

"Nimfundishe nani?"

"Kijiji kizima. Ukimwita mmoja tu, atajua umefungua mdomo. Waite wote, na waje na wenza wao."

Tulifundisha katika darasa la shule ya msingi Gulwe, wakati wa likizo. Watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na mume na mke dawati moja. Sechelela na Chilewa walikaa nyuma, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo mtu mwingine angeweza kukaa. Niliipa kila nyumba kopo dogo la karanga nikawaambia: hayo ndiyo mavuno yenu ya mwaka mzima, yagaweni mafungu hapo juu ya dawati. Fungu la chakula mpaka mavuno mengine. Fungu la mbegu. Fungu la ada. Fungu la dharura. Na fungu la mwisho ni la kile mnachokitaka kuliko vyote.

Tulicheka sana siku ile. Wanandoa fulani wa mbele walikuwa wamekula karanga zao kabla sijamaliza maelezo, nikawaambia mwaka wenu umeshakwisha, nendeni mkakope, na nawaonya wanaokopesha siku hizi ni wale wa kausha damu, wa riba isiyolipika. Bwana mmoja akauliza kama harusi ya shemeji inaingia kwenye fungu la dharura. Nikamuuliza harusi ni lini. Akasema baada ya miezi kadhaa. "Basi hiyo siyo dharura," nikamwambia, "hiyo ni safari unayoijua na hutaki kufunga mzigo." Salma, na hili uliandike mahali: dharura ni ugonjwa, msiba, mvua kukataa, kazi kuisha. Simu mpya siyo dharura hata kama ya zamani imepasuka kioo. Na fungu hilo halikai kwenye simu yako, kwa sababu ukiwa na njaa ya chipsi kila kitu kitaonekana dharura.

Nilipofika nyuma, Chilewa alikuwa anagawa kwa vidole. Alikuwa anapapasa punje moja moja juu ya dawati, anazisukuma, nyingine zinaanguka chini bila yeye kujua. Sechelela alikuwa anamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Chilewa alijisahau akapapasa mbele yake bila kusingizia vumbi.

Akafika fungu la mwisho. Akaweka kiganja juu yake. Nilisema kwa sauti ya darasa zima, maana sikutaka wajue nawasemea wao, "Sasa kila mmoja amwambie mwenzake fungu la mwisho ni la nini. Ukweli tu."

Darasa likajaa minong'ono na vicheko. Kisha Chilewa akasema, akiwa ameelekeza macho ubaoni, "Hili ni duka."

"Duka la nani?" Sechelela akauliza, na sauti yake ilikuwa kama kisu. "Yuko Mpwapwa huyo mwenye duka?"

"Liko stesheni. Ni lako."

"Langu?"

"Nimeuza mbuzi. Hela iko kwa Mama Chama, muulize kama nadanganya. Macho yangu yanakwisha, mama Neema. Siyo vumbi. Nilitaka uwe na mahali pa kukaa kivulini, usibebe ndoo, siku nitakapokuwa nimekaa tu."

Sechelela aligeuka akanitazama. Machozi yangu yalimjibu. Akageuka tena kwa mumewe, akaanza kukusanya zile karanga zote za dawatini, za chakula, za mbegu, za ada, akazisukuma zote upande mmoja kwa mikono miwili.

"Na mimi hili ni macho yako," alisema. "Baba Neema, unadhani mlenda wote ule tulikuwa tunakula kwa nini?"

Chilewa alicheka. Alianza kwa kucheka, kisha akaweka paji la uso juu ya dawati, juu ya karanga, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Mkewe akasogea. Ile nafasi ya mtu wa tatu ikaisha. Watu wa mbele waligeuka kuangalia, na mimi nikapiga ubao kwa chaki kwa nguvu, nikaanza kufundisha kitu, hata sikumbuki nilifundisha nini.

Ningependa kumaliza hapa. Wasimulizi wengi wangemaliza hapa. Lakini ninyi mna miaka mingi mbele yenu, lazima mjue na kilichofuata.

Wiki ile ile walikuja Dodoma, na Sechelela aliniomba niwasindikize kwa kuwa hospitali ya mjini ilimtisha. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemwita Chilewa "babu" huku Chilewa akilalamika kwamba yeye si babu. Akampima jicho moja, akampima la pili, akarudia la kwanza. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nao.

"Babu, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Hilo tutalifanyia operesheni na utaona. La kulia," alisita, "la kulia limechelewa. Mtoto wa jicho amekomaa mno, presha ya jicho ikapanda, imeshaua mshipa. Hilo halirudi."

"Lingewahiwa lini?" Chilewa akauliza.

"Mngekuja kama miaka miwili nyuma, pengine tungeliwahi."

Wakaambiwa bei. Vijana wangu, bei ile ilikuwa ndogo kuliko akiba ya Sechelela peke yake. Ndogo kwa mbali. Hela ya kutosha ilikuwa imetimia zamani, imelala kwetu salama, inalindwa na taratibu zote, huku jicho linakufa nyumbani Gulwe.

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi la saruji. Sechelela alikuwa ameikunja khanga yake mkononi kama mtu anayekamua nguo. "Nilikuwa nayo," alisema. "Mama Chama, nilikuwa nayo tangu mwaka juzi. Nilikuwa nasubiri iwe nyingi."

Chilewa ndiye aliyetafuta mkono wake, akaupata. "Mimi ndiye niliyesema vumbi," alisema. "Wewe ulikuwa unakusanya. Mimi nilikuwa nasema vumbi. Acha kulia, watu watadhani nimekufa."

Kwa hiyo ukiniuliza, Salma, nianzie wapi, nakujibu: anza na kitu chenyewe. Kitaje kwa jina lake. Kesho yake nenda kaulize bei, hata kama mfukoni huna kitu, hata kama unaona aibu. Inawezekana ni kubwa kuliko ulivyodhani, na hapo utajua ni miaka mingapi ya kujibana. Inawezekana ni ndogo, na unachosubiri hukijui. Halafu mwambie unayekula naye. Kama huna mume bado, mwambie mama yako, mwambie rafiki asiye na wivu. Mimi nilitoka Dodoma siku ile nikafika nyumbani, nikamwambia marehemu mume wangu, Ramadhani, jambo nililokuwa nimelificha tangu tuoane: kwamba sitaki kuzeekea Busi, nataka kuzeekea karibu na watoto. Naye alikuwa ameshafyatua matofali mengi kule Busi kunijengea. Alinitazama sana. Akasema, "Mwanaidi, kwa nini hukuniambia kabla sijavunja mgongo?" Tuliyauza matofali yale kwa hasara kidogo, na ndiyo mwanzo wa nyumba hii mnamokuja kula zabibu zangu.

Duka la Sechelela lilijengwa, si mwaka ule, mwaka uliofuata. Akiba zao waliziunganisha zikawa moja, yenye majina mawili. Walilipa operesheni kwanza, wakakata bima ya afya, wakaweka fungu la dharura, na kilichobaki kikaanza msingi. Mvua ya mwaka ule ilikataa na karanga hazikubeba, ikabidi fungu la dharura liliwe na ujenzi usimame usawa wa dirisha. Lakini hakuuzwa mbuzi hata mmoja kwa bei ya kutupa, wala hawakukopa kwa watu wa kausha damu. Mavuno yaliyofuata wakaezeka. Wanauza chai ndani sasa, wateja wanakaa kwenye viti. Siku hizi reli zimekuwa mbili na treni za umeme zinapita zikielekea huko zinakokwenda, na nasikia biashara si kama zamani, kwa hiyo Sechelela amehamishia nguvu kwenye unga na sabuni za wanakijiji. Nao huo ni mpango. Mpango usiokubali kubadilishwa unavunjika wenyewe.

Lakini nikiwakumbuka wale watu, huwa sikumbuki duka. Nakumbuka asubuhi ya kufunguliwa jicho. Nilikuwa nimelala kwa mwanangu hapa Dodoma, nikawahi hospitali na chupa ya chai. Chilewa alikuwa amekaa kitandani, mkewe amesimama mbele yake, amevaa khanga mpya aliyoinunua makusudi. Muuguzi akabandua bandeji taratibu, akamsafisha, akamwambia fungua.

Alifungua. Akapepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Kisha akamtazama Sechelela. Alimtazama kuanzia kichwani, akashuka, akarudi kichwani, mpaka mkewe akaanza kuona haya na kuivuta khanga yake.

"Mama Neema," alisema mwishowe, "mbona umezeeka?"

"Na wewe je?" Sechelela akajibu upesi. "Unadhani mimi nilikuwa sioni?"

Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta. Walipewa dawa na siku ya kurudi, tukatoka. Sechelela alimshika mumewe mkono kama alivyokuwa amezoea, naye akauchomoa kwa upole. "Niache, naona," alisema, na kweli akatembea mwenyewe kwenye ile korido ndefu, kichwa juu, akisoma kila kibao cha mlangoni kwa sauti, hata visivyohitaji kusomwa. Tukafika getini. Barabara ilikuwa imejaa magari na bodaboda. Akasimama ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia kwa kugeuza kichwa chote, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akautafuta wa mkewe, akaushika.

"Si umesema unaona?" Sechelela akamuuliza.

"Naona," alisema. "Twende."

Wakavuka.